Fahali Wawili Walipokubali Kukaa Zizi Moja

Mwendeshaji wa pikipiki ya umeme jijini Nairobi anaijua vyema adha moja ambayo mwenzake wa petroli haijui. Huyu wa petroli akiishiwa na mafuta huingia katika kituo chochote kilicho karibu, na hakuna anayemwuliza pikipiki yake aliinunua wapi. Yule wa umeme hana hiari hiyo. Katika miaka ya karibuni kampuni kadhaa zimeleta pikipiki za aina hii nchini, na nyingi zimejenga vituo vyake zenyewe vya kubadilishia betri. Aghalabu betri ya kampuni hii haiingii katika pikipiki ya kampuni ile. Basi mwendeshaji hupita mbele ya kituo kilichojaa betri zenye chaji tele, huku akihesabu kilomita alizobakiwa nazo kabla ya kukifikia kituo cha wenyewe.

Wahenga walisema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Wakasema tena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hizi mbili zikiwekwa pamoja hueleza bayana hali ya soko letu: wenye mitaji wanashindana, kila mmoja akitaka zizi liwe lake peke yake, na mwananchi wa kawaida ndiye nyasi. Lakini je, ni lazima kila teknolojia mpya ije na vita vya namna hii? Maoni yangu ni kwamba si lazima. Ipo historia moja, tena si ya kale sana, inayoonyesha jinsi fahali wawili wakubwa walivyokubali kukaa zizi moja kwa muda, na ulimwengu mzima ukanufaika. Nayo ni historia ya mtambo wa kuchezea CD.

Wanafunzi wengi wa leo pengine wanaijua CD kama sahani inayometameta iliyoning'inizwa shambani kufukuzia ndege, au kama rundo lililosahauliwa ndani ya kabati la sebuleni. Walimu wao wanakumbuka zaidi. Wanakumbuka siku walipoisikia sauti ya muziki isiyo na mkwaruzo wala mvumo, na jinsi ilivyowezekana kuurukia wimbo wa saba bila kurudisha kanda nyuma wala kuipeleka mbele. Ukiuliza darasani ni nani aliyevumbua mtambo huo, utakuwa umeuliza swali lisilojibika kwa jina la mtu mmoja. Hapo hasa ndipo somo linapoanzia.

Wapo wanaomtaja James Russell, mwanafizikia Mmarekani aliyefanya kazi katika maabara ya taasisi ya Battelle mjini Richland, jimbo la Washington. Russell alikuwa mpenzi wa muziki, na alichoshwa na jinsi sindano ya gramafoni ilivyozichakaza santuri zake. Katikati ya miaka ya 1960 alipata wazo la kuihifadhi sauti kwa tarakimu na kuisoma kwa mwanga, pasipo kitu chochote kuigusa. Mwaka 1970 alipewa hataza, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi. Hata hivyo, haki hizo zilikuwa za mwajiri wake, baadaye zikapita katika mikono ya wanunuzi, na kifaa chake hakikupata kiwanda cha kukitengeneza kwa wingi. Mwaka 1992 kampuni ya Time Warner ilishindwa katika kesi mahakamani, ikatakiwa kulipa dola milioni 30. Fedha hizo zilikuwa za kampuni ya Kanada iliyomiliki hataza hizo wakati ule, si za Russell.

Nyuma ya Russell walikuwepo wengine. Mwingereza Alec Reeves, aliyekuwa akifanya kazi mjini Paris mwishoni mwa miaka ya 1930, ndiye aliyebuni njia ya kuigeuza sauti ya simu kuwa mfululizo wa tarakimu. Mwaka 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko California. Mwaka huo huo wanahisabati wawili wa Marekani, Irving Reed na Gustave Solomon, walichapisha makala fupi kuhusu njia ya kusahihisha makosa katika mfululizo wa tarakimu. Mwaka 1970 watafiti wa Leningrad wakiongozwa na Zhores Alferov, na wengine katika maabara ya Bell nchini Marekani, walifanikiwa kutengeneza leza ndogo sana iliyoweza kuwaka mfululizo bila kupozwa kwa barafu wala gesi. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo iliyofanywa kwa ajili ya sahani ya muziki. Lakini kama moja tu ingalikosekana, sahani hiyo isingalipatikana.

Sasa tuwatazame fahali wenyewe. Wa kwanza ni kampuni ya Philips ya Eindhoven, Uholanzi. Philips haikuanza kwa sauti bali kwa picha. Mwaka 1972 ilionyesha sahani ya filamu iliyosomwa kwa mwanga, na sahani za aina hiyo zikaanza kuuzwa Marekani mnamo Desemba 1978. Wanunuzi hawakuzikimbilia. Lakini ndani ya kampuni hiyo alikuwemo mhandisi Lou Ottens, ambaye kundi lake ndilo lililoipa dunia kanda ya kaseti mwaka 1963. Ottens na wenzake waliona kwamba njia iliyobeba picha ingeweza kubeba sauti vizuri zaidi, tena katika sahani ndogo. Tarehe 8 Machi 1979 Philips iliwaita waandishi wa habari mjini Eindhoven, ikawasikilizisha sahani ya kipenyo cha milimita 115, takriban urefu wa kaseti ikipimwa kutoka pembe hadi pembe.

Fahali wa pili ni Sony ya Tokyo, Japani. Sony ilikuwa na mtaalamu mkubwa wa sauti ya tarakimu, Heitaro Nakajima, ambaye kabla ya kujiunga nayo alikuwa ameongoza utafiti wa aina hiyo katika shirika la utangazaji la Japani, NHK. Chini yake alikuwepo kijana hodari, Toshitada Doi. Mwaka 1977 Sony ilikuwa tayari ikiuza kifaa kilichohifadhi sauti ya tarakimu katika kanda ya video. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na nusu ya jambo. Waholanzi walijua zaidi kuisoma sahani kwa mwanga. Wajapani walijua zaidi kuigeuza sauti kuwa tarakimu na kuyasahihisha makosa yake.

Mtu anaweza kudhani kwamba ilikuwa rahisi nusu hizo mbili kukutana. La hasha. Katika biashara, mwenye nusu huona afadhali aitafute nusu ya pili peke yake kuliko kugawana na mshindani. Kilichozishawishi kampuni hizo ni kumbukumbu mbili, moja chungu na moja tamu.

Ile chungu ilikuwa ya vita vya kanda za video. Mwaka 1975 Sony ilitoa mashine ya Betamax. Mwaka uliofuata kampuni ya JVC ikatoa VHS. Kanda ya hii haikuingia katika mashine ya ile. Mwaka 1979 Philips nayo ikaja na ya tatu, Video 2000. Wenye maduka walilazimika kuweka filamu ile ile kwa aina mbalimbali, na mnunuzi aliyechagua vibaya alibaki na mashine isiyo na kanda. Mwisho wa yote VHS ilishinda. Video 2000 ikazikwa katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1988 Sony yenyewe ikaanza kutengeneza mashine za VHS.

Kumbukumbu tamu ilikuwa ya kaseti. Katikati ya miaka ya 1960 Philips ilikubali kampuni nyingine, Sony ikiwemo, zitengeneze kaseti yake bila malipo, almuradi zifuate vipimo vyake. Matokeo yake tunayajua hata sisi huku. Kanda iliyorekodiwa taarabu Mombasa au benga Kisumu iliweza kuchezwa katika redio-kaseti yoyote, iwe imeundwa Japani, Uholanzi au kwingineko. Hakuna aliyehitaji kuuliza kanda hii ni ya kabila gani la mashine.

Basi mara baada ya maonyesho ya Eindhoven, wajumbe wa Philips walifunga safari kwenda Japani, wakazungumza na kampuni kadhaa, na hatimaye wakapatana na Sony. Tangu Agosti 1979 hadi Juni 1980 wahandisi wa pande mbili walikutana mara kwa mara, mara Eindhoven, mara Tokyo. Walichokitunga ni kitabu cha vipimo kilichopata umaarufu kwa rangi ya jalada lake, Kitabu Chekundu.

Ndani ya mazungumzo hayo kila mmoja alilazimika kuacha kitu alichokipenda. Philips ilitaka kila kipimo cha sauti kiandikwe kwa biti 14, kwa sababu tayari ilikuwa imetengeneza chipu ya kiasi hicho. Sony ikashikilia biti 16, ikisema kwamba sahani itakayodumu miaka mingi haifai kupunjwa mwanzoni. Sony ikashinda hapo. Nayo Philips, badala ya kununa, ikatafuta ujanja wa hisabati wa kuifanya chipu yake ya biti 14 itoe sauti karibu sawa na ya biti 16. Mfumo wa kuvipanga vishimo katika sahani ulitokana na kazi ya Kees Immink wa Philips. Mfumo wa kusahihisha makosa ulitegemea zaidi pendekezo la Sony, ukakamilishwa na wahandisi wa pande zote mbili. Ukubwa wa sahani uliongezwa kutoka milimita 115 hadi 120, na muda wake ukawa dakika 74 na ushei.

Kuhusu ukubwa huo ipo hadithi mashuhuri ambayo walimu wangependa kuitumia, lakini wanapaswa kuitumia kwa tahadhari. Inasemwa kwamba Norio Ohga, kiongozi wa Sony ambaye alikuwa amesomea uimbaji wa opera Tokyo na Berlin, alisisitiza kwamba Simfoni ya Tisa ya Beethoven itoshee yote katika sahani moja. Ni hadithi nzuri, na ya kwamba Ohga aliipenda simfoni hiyo hakuna ubishi. Lakini Immink, aliyekuwepo, ameandika kwamba palikuwa na sababu nyingine isiyo na muziki wowote ndani yake. PolyGram, kampuni ya muziki ambayo Philips ilikuwa na hisa kubwa ndani yake, ilikuwa na kiwanda karibu na Hanover kilichojiandaa kutengeneza sahani za milimita 115. Kwa kubadilisha kipimo, Sony ilimnyima mshirika wake nafasi ya kutangulia, na wote wakaanza mstari mmoja. Huenda sababu zote mbili zina ukweli ndani yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba hata maelewano mema hujengwa na watu wanaochungana.

Kwa walimu wa hisabati ipo hazina nyingine. Sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi takriban 20,000 kwa sekunde, na kanuni inasema kwamba ili sauti ihifadhiwe sawasawa, sharti ipimwe zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Kwa nini basi CD hupima mara 44,100 kila sekunde, wala si 42,000 au 45,000? Jibu lipo katika kanda za video zilizotumika kuhifadhi sauti ya tarakimu. Mfumo wa televisheni wa Japani na Marekani ulikuwa na nusu-picha 60 kwa sekunde, na ule wa Ulaya nusu-picha 50. Ukizidisha mistari 245 kwa vipimo 3 kwa 60 unapata 44,100. Ukizidisha mistari 294 kwa 3 kwa 50 unapata 44,100 vile vile. Namba hiyo ilichaguliwa kwa kuwa ilikaa vyema katika mifumo yote miwili. Hata hapo, neno ni lile lile la maelewano.

Mtambo wenyewe hufanya kazi namna gani? Sahani ni plastiki ngumu ya unene wa milimita 1.2, yenye utando mwembamba wa alumini. Juu yake pana njia moja iliyojizungusha kuanzia ndani kuelekea nje, ambayo ingenyooshwa ingefika takriban kilomita 5. Katika njia hiyo pamepangwa vishimo vidogo mno, upana wake nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Miale ya leza hupita juu yake na kurudishwa. Pale ukingo wa kishimo unapopitwa, mwanga unaorudi hubadilika, na badiliko hilo husomwa kama moja. Pasipo badiliko ni sifuri. Kwa vile njia za kushoto na kulia hupimwa kila moja mara 44,100 kwa biti 16, mtambo huhitaji biti 1,411,200 za sauti kila sekunde. Sahani nayo huzunguka kwa mwendo unaobadilika: karibu mizunguko 500 kwa dakika inaposomwa ndani, na karibu 200 inaposomwa nje.

Lakini ajabu kubwa zaidi ni namna mtambo unavyokabili makosa. Wahandisi hawakutarajia kwamba sahani itakaa safi. Walijua itashikwa na watoto, itawekwa mezani uso chini, itaingia vumbi. Hapo ndipo ile makala ya Reed na Solomon ya mwaka 1960 ilipopata kazi. Chukua mfano wa mwalimu anayeandika alama za wanafunzi na chini yake jumla yake. Alama moja ikifutika kwa maji, ataipata kwa kutoa zilizobaki katika jumla. CD hubeba hesabu za ziada za namna hiyo, ingawa zina ufundi mwingi zaidi. Fauka ya hayo, taarifa zilizo jirani katika muziki hutawanywa mbalimbali katika sahani, ili mkwaruzo mmoja usifute neno zima bali herufi moja moja katika maneno mengi. Kwa njia hiyo mtambo unaweza kuziba pengo la zaidi ya milimita 2 katika njia yake bila msikilizaji kutambua. Hesabu za ukoo huo huo ndizo zinazowezesha simu kusoma ule mraba wenye madoadoa meusi ulio katika stakabadhi za dukani, hata ukiwa umekunjika pembeni.

Vipimo kukubaliwa ni jambo moja, na soko kukubali ni jingine. Mnamo Aprili 1981 kiongozi maarufu wa okestra, Herbert von Karajan, alijitokeza Salzburg pamoja na wakuu wa kampuni hizo kuitetea sahani mpya. Lakini wakuu wengi wa kampuni za santuri hawakutaka kusikia. Walikuwa na viwanda vyao vya zamani, na hawakuona kwa nini wavitupe. Mtambo usio na sahani za kucheza ni sanduku tupu. Kilichookoa hali ni kwamba fahali wote wawili walikuwa na mkono katika muziki wenyewe: Philips kupitia PolyGram, na Sony kupitia kampuni ya CBS/Sony iliyoanzishwa Japani mwaka 1968. Tarehe 17 Agosti 1982 kiwanda cha PolyGram huko Langenhagen, karibu na Hanover, kilianza kutoa CD za kuuzwa. Miongoni mwa za mwanzo kabisa ilikuwa albamu ya kundi la ABBA. Kisadfa, Hanover ndiko alikozaliwa Emile Berliner, mvumbuzi wa gramafoni ya santuri.

Tarehe 1 Oktoba 1982 Sony ilianza kuuza nchini Japani mtambo wake wa kwanza, CDP-101, kwa yeni 168,000. Philips, iliyokuwa imechelewa kidogo, ilileta CD100 miezi michache baadaye, na mwaka 1983 mitambo ikaingia Ulaya na Marekani. Ilikuwa ghali, kitu cha matajiri na wapenzi wa muziki wa kizungu wa kale. Lakini kwa kuwa vipimo vilikuwa wazi kwa yeyote aliyelipa mrabaha, kampuni nyingine nyingi ziliingia, na bei zikashuka. Mwaka 1984 Sony ilitoa mtambo wa kubebeka, D-50, kwa yeni 49,800, chini ya theluthi moja ya bei ya ule wa kwanza. Mwaka 1988 CD zilizouzwa Marekani zilizidi santuri kwa idadi. Mwaka 2000 ziliuzwa huko zaidi ya milioni 940. Katika Afrika Mashariki kaseti iliendelea kutawala hadi mwishoni mwa karne, kwa sababu ya bei na kwa sababu kaseti mtu aliweza kurekodi mwenyewe.

Wasomaji wataniuliza kama fahali hao waliendelea kukaa zizi moja. Mwaka 1992 kila mmoja alitoka na chake. Philips ilileta kaseti ya dijitali iitwayo DCC. Sony ikaleta sahani ndogo ya MiniDisc. DCC ilisitishwa mwaka 1996. MiniDisc ilipendwa Japani, lakini haikuenea duniani. Baadaye, kuanzia mwaka 1999, zikashindana sahani mbili za sauti bora zaidi, SACD na DVD-Audio, na hakuna iliyoingia katika nyumba za watu wengi. Mwaka 2006 vita vikarudi tena kwa sahani za filamu, Blu-ray na HD DVD, hadi kampuni ya Toshiba ilipojiondoa Februari 2008. Walioshiriki ni wale wale, wenye fedha zile zile na wahandisi hodari wale wale. Kilichopungua ni maelewano.

Haifai, hata hivyo, kuyapamba maelewano kupita kiasi. Wakubwa wawili wanapokaa mezani, hawampi kiti kila mtu. Waliopata mrabaha wa kila mtambo na kila sahani ni walioandika kile kitabu, na wengine wote walilipa. Russell hakuwa mezani. Afrika nzima haikuwa mezani. Tena waandishi wenyewe hawakuona kila kitu: hawakuweka kufuli lolote katika sahani yao, kwani mwaka 1980 nani angekuwa na kompyuta nyumbani ya kunakili biti bilioni sita? Kufikia mwaka 1999, mtandao wa Napster ulipoanza, kompyuta hizo zilikuwepo kila mahali, na tarakimu za CD zikatapakaa duniani bure. Biashara iliyojengwa na maelewano ikatikiswa na jambo ambalo hayakulitarajia. Mwaka 2022 santuri, zile zile zilizodhaniwa zimekufa, ziliuzwa Marekani kwa idadi kubwa kuliko CD.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji kufundishwa mbali kuhusu faida na gharama ya vipimo vya pamoja. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikiteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lahaja yenye hazina kubwa ya ushairi, hakikuteuliwa, na wapo wanaolisikitikia jambo hilo hadi leo. Lakini kitabu kinachochapishwa Nairobi husomwa Kigoma na Bukavu bila mkalimani. Gharama ilikuwepo, na faida ikawepo. Swali la haki ni kama wanaoathirika walishirikishwa.

Nikirudi kwa mwendeshaji wetu wa pikipiki, naona njia mbili mbele yetu. Ya kwanza ni ile ya Betamax: tungoje kampuni zipigane mpaka moja ibaki, na walionunua kwa zilizoshindwa wabebe hasara. Mwendeshaji aliyekopa ili anunue pikipiki yake hana uwezo wa kubeba hasara hiyo. Ya pili ni ile ya Kitabu Chekundu: kampuni ziketi, zipatane ukubwa wa betri, umbo la plagi na lugha ambayo betri huzungumza na pikipiki, kisha zishindane kwa bei, kwa uimara na kwa huduma. Serikali inao uwezo wa kuzisukuma. Umoja wa Ulaya ulipochoka na rundo la chaja za simu, ulipitisha sheria, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko sharti zitumie tundu la aina moja. Hapa kwetu mwaka 2018 kampuni za simu zilikubali fedha zitumwe moja kwa moja kutoka pochi ya mtandao huu hadi ya mtandao ule. Hakuna iliyofilisika kwa sababu hiyo.

Lakini tusiishie kuziachia kampuni meza peke yake. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, vyuo vikuu vyetu na vyama vya wanabodaboda wenyewe wana haki ya kuwepo pale vipimo vinapoandikwa. Asiyekuwepo mezani huletewa bili, kama Russell alivyojifunza kwa uchungu. Vile vile vipimo viwe na muda wa kupitiwa upya, maana hata wale wahandisi bora wa Eindhoven na Tokyo hawakuiona kompyuta iliyokuwa ikija.

Kwa walimu nina ombi moja dogo. Swali la "nani alivumbua" liondoke katika karatasi zetu za mitihani, au lifuatwe na jingine: "alikubaliana na nani, na aliacha nini?" Mwanafunzi anayeamini kwamba uvumbuzi ni radi inayompiga mtu mmoja mwenye akili nyingi atakaa akiingoja radi hiyo. Anayejua kwamba makala ya hisabati ya mwaka 1960, leza iliyoundwa kwa shughuli nyingine na mikutano ya mwaka mzima ya watu waliochungana ndivyo vilivyozaa mtambo ule, atajua kwamba hata hesabu anayoifanya leo kwa shingo upande yaweza kupata kazi baada ya miaka ishirini. Atajua pia kwamba kumshawishi mshindani wako mketi meza moja ni sehemu ya kazi ya uhandisi, wala si porojo za wanasiasa.

Fahali wawili walikaa zizi moja kwa miaka michache tu. Hiyo ilitosha kuijaza dunia muziki. Waendeshaji wetu wa bodaboda hawaombi zaidi ya hapo.